Je, Wajua? Ukuta wa Nakuru Hunywa Maji, Hutoa Chumvi na Hujengwa kwa Majivu

Siku fundi alipokuja kukagua kuta za nyumba yangu mpya kule Kiamunyi, magharibi mwa jiji la Nakuru, nilikuwa na swali moja tu: rangi gani? Mawe yalikuwa yamekwisha kufika kwenye lenta, mabati yamepigwa, na mkononi nilishika kijitabu cha sampuli za rangi. Mzee yule hakukitazama. Alichovya kidole kwenye ndoo, akakisogeza kwenye jiwe, tone moja likagusa ukuta. Halikuteremka. Lilizama papo hapo, likaacha alama nyeusi ya ukubwa wa sarafu ya shilingi, na kabla sijahesabu hadi kumi alama yenyewe ikaanza kufifia.

"Mama, ukuta wako una kiu," alisema. "Ukiuvisha nguo kabla ya kuunywesha, utakula nguo."

Mawe tunayojengea huku mengi ni majivu ya volkano yaliyoshikana kwa muda mrefu yakawa jiwe. Ndiyo maana msumeno wa mashine huyakata kwa urahisi, na ndiyo maana yana vinyweleo kama mkate. Tangu siku ya lile tone nimekuwa nikikusanya mambo kuhusu kuta na mavazi yake. Nawaletea haya, ninyi mnaojenga Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil, Naivasha na Subukia, na ambao hamjaamua nyumba zenu zivae nini.

Je, wajua kwamba jina la mji wetu ni onyo kwa mpaka rangi?

Nakuru limetokana na neno la Kimaasai, Enakuro, mahali pa vumbi. Tarehe 1 Desemba 2021 mji huu ulipewa hadhi ya jiji, lakini vumbi halikuhama. Januari na Februari upepo huinua unga laini wa volkano ambao hupita chini ya mlango uliofungwa. Ziwa Nakuru lilipokauka katikati ya miaka ya 1990, vumbi jeupe la magadi nalo lilipeperuka kutoka kwenye sakafu yake.

Kwa sababu hiyo mimi siupendi ukuta wa nje uliopigwa plasta ya kurushwa, ile yenye vijichuguu. Ni kweli huficha kasoro za mawe. Ila kila kijichuguu ni rafu ya kuhifadhi vumbi, na mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, vumbi hilo huteremka kwa michirizi chini ya madirisha na kukauka hapohapo. Ukuta laini huoshwa kwa mpira wa maji na ufagio. Walioamua kwamba kuta za shule na hospitali za Kenya zipakwe rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua, kisha rangi ya maji juu yake, walijua mikono na matope hufika wapi. Nyumbani kwangu nimeiga mpaka huohuo upande wa nje.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya mfuko wako wa simiti yaweza kuwa majivu ya volkano?

Chukua mfuko wa kilo 50, usome maandishi madogo. Mifuko mingi inayouzwa kwa ajili ya kujengea mawe na kupigia plasta imeandikwa CEM IV/B, kisha herufi P, kisha 32.5. Herufi P ni pozolana ya asili, yaani majivu au mwamba wa volkano uliosagwa. Daraja la IV/B huruhusu kiasi cha kati ya asilimia 36 na 55 ya pozolana. Inayobaki ni ile simiti yenyewe iliyochomwa tanuruni.

Jina hilo limetoka Pozzuoli, mji mdogo karibu na Naples nchini Italia, ambako Warumi walichimba majivu ya kuchanganya na chokaa. Jengo la Pantheon kule Roma, lililokamilika yapata mwaka 125, bado lina kuba lake la zege lisilo na nondo hata moja. Sisi tunaishi kandokando ya Menengai, kasoko lenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8, juu ya majivu ya jamii hiyohiyo.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi dukani. Simiti yenye pozolana hukomaa polepole. Majivu hayo husubiri simiti itoe chokaa yake, kisha hushikamana nayo taratibu, na kazi hiyo haifanyiki bila maji. Plasta ikikauka siku ya pili kwa jua la Nakuru, kazi imekatizwa katikati na hairudi tena. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, siku kumi ukiweza. Fundi wangu alikuwa mkali sana juu ya hili. Kwanza aliyalowesha mawe jioni, akayaacha yalale na maji. Kesho yake akachanganya karai moja la simiti kwa makarai manne ya mchanga, akapiga plasta isiyozidi milimita 15. Kisha kwa juma zima kijana wake alizunguka nyumba na mpira wa maji kana kwamba ukuta ni kitalu cha sukumawiki.

Baada ya siku kumi mzee alirudi na mwiko, akageuza mpini na kugonga ukuta akiwa ameinamisha sikio. Ko, ko, ko. Sauti ya kitu kizima. Karibu na dirisha la jikoni ikabadilika, ikawa kama kugonga mtungi mtupu. Alichora duara kwa makaa mahali pale na kusema plasta ibanduliwe yote ndani ya duara ipigwe upya. Mimi nilikuwa sioni chochote. Rangi yoyote ya bei yoyote ambayo ningeipaka pale ingekuwa imeshikwa na kitu ambacho chenyewe hakijashika.

Je, wajua kwamba rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi hugeuka sabuni?

Nimeliona kwa macho yangu, na ni kosa langu kwa sehemu. Nilikuwa na haraka ya kuhamia. Muuzaji wa rangi aliniapia kwamba majuma mawili yatosha, nikapaka jikoni rangi nzuri ya mafuta, ya krimu. Mwezi haukuisha. Ukuta ulianza kunata kwenye vidole, ukatoa malengelenge, na nilipoyapasua kulikuwa na uteute unaoteleza ndani.

Uteute ule ni sabuni kweli. Simiti mbichi ina ukali wa alkali unaolingana na magadi makali ya kutengenezea sabuni, na rangi nyingi za mafuta zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Alkali ikikutana na mafuta mahali penye unyevu hufanya kile ambacho watengeneza sabuni hufanya kwa makusudi. Desturi ya mafundi wenye subira ni kungoja siku 28, na katika mvua za Machi hadi Mei kungoja zaidi. Anayelazimika kuhamia mapema apake rangi ya maji tu, na hata hiyo baada ya andakoti iliyoandikwa kwamba inastahimili alkali. Jikoni kwangu tulikwangua yote hadi kwenye plasta.

Je, wajua chumvi inayotoka ukutani imetoka wapi?

Jambo hili ndilo linaloharibu nyumba nyingi za Nakuru, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Umeingia nyumba mpya, miezi sita baadaye rangi ya sebuleni inaanza kupukutika kutoka sakafuni hadi magotini. Chini ya rangi kuna unga mweupe kama pamba. Unakwangua, unapaka tena, unga unarudi. Watu husema nyumba imelogwa au rangi ni feki. Mara nyingi ni maji.

Bonde letu halina mto wa kupeleka maji yake baharini. Mito inaishia maziwani, maji yanapaa na jua, chumvi zinabaki. Ziwa Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni maziwa ya magadi kwa sababu hiyo. Visima vingi vya huku navyo vina magadi na floraidi. Ni maji hayahaya yanayowatia watoto wetu madoa ya kahawia menoni, jambo ambalo huniuma kila ninapoliona. Ukichanganyia plasta maji hayo, umeuzika mzigo wa chumvi ndani ya ukuta. Na hata ukitumia maji safi, jiwe lenye vinyweleo likigusa udongo wenye unyevu litayavuta maji juu kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta taa.

Maji yakifika kwenye uso wa ukuta hukauka. Chumvi haikauki ikapotea; hugeuka fuwele. Fuwele hukua ndani ya vinyweleo nyuma ya rangi, zikisukuma. Usiku wa Nakuru wenye nyuzi 10 hivi huzirudishia unyevu, mchana huzikausha tena, na kila mzunguko husukuma zaidi. Hakuna rangi duniani inayoshinda msukumo huo ikiwa mbele yake. Inaweza tu kuuacha upite au kubanduka.

Kuna jaribio la bure. Mimina kijiko cha maji ya kisima kwenye kifuniko cheusi cha sufuria, kijiko cha maji ya mvua kwenye kingine, uviweke juani. Kifuniko changu cha kwanza kilibaki na duara jeupe ambalo kucha iliweza kulikwangua. Cha pili kilikuwa na vumbi tu. Tangu hapo plasta yote ilichanganywa na maji ya mvua kutoka kwenye tangi.

Ulinzi wa kweli huwekwa kabla ya ukuta kupanda: ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, DPC kama mafundi wanavyoiita, ilalie msingi wote bila kukatika, na sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje. Nimeona nyumba ambazo karatasi iliwekwa vizuri, kisha plasta ya nje ikateremshwa hadi udongoni ikaivuka. Maji yalipata ngazi. Plasta iishie juu ya karatasi. Na kwa ndugu zetu wa Mwariki na maeneo mengine yaliyo karibu na Ziwa Nakuru, ambako maji yamekuwa yakipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi nyumba zikahamwa, hakuna kifuniko cha ukuta ninachoweza kuwashauri. Hilo ni jambo la ardhi, na walistahili kuambiwa na kusaidiwa mapema.

Ukishaelewa chumvi utaelewa pia kwa nini siyapendi mabamba ya plastiki ya PVC yanayobandikwa juu ya ukuta wenye unyevu. Hupendeza siku hiyohiyo, na kwa nyumba kavu sina ugomvi nayo. Juu ya ukuta unaotoa chumvi huficha tu ugonjwa, na nyuma yake kuvu jeusi hustawi bila kuonekana. Unga mweupe wa jipsamu wa kulainishia kuta nao hulegea ukipata unyevu. Uwekwe vyumba vya juu na kuta za kati, mbali na bafu.

Je, wajua kwamba chokaa huzidi kuwa jiwe kadiri inavyozeeka?

Mawe ya chokaa yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi hupoteza hewa ya kaboni. Yakizimwa kwa maji na kupakwa ukutani, hunyonya hewa hiyo tena kutoka angani na kurudi kuwa jiwe la chokaa. Koti la chokaa hupitisha unyevu badala ya kuufungia, na likiwa bichi ukali wake huua kuvu. Watu wetu wa pwani walichoma matumbawe, wakaizima chokaa na kuiacha ikomae kwa miezi kabla ya kuitumia. Kule Gede, mji ulioachwa mapema karne ya 17 na kuorodheshwa na UNESCO mwaka 2024, plasta ya aina hiyo bado imeshikilia baadhi ya kuta, na watu wa kale walichora majahazi juu yake. Huku bara, chokaa huchomwa Koru, njia ya Kisumu. Ubaya wake mmoja ni kwamba hupaka nguo ukiegemea. Mimi nimeiweka stoo, banda la kuku na upande wa ndani wa ukuta wa ua.

Je, wajua niru ni nini hasa?

Fundi yeyote wa Nakuru ukimwambia apige niru anajua: maji ya simiti tupu juu ya plasta ambayo haijakauka, kisha kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Neno lilikuja na mafundi wa Kihindi. Kwao neeru ilikuwa chokaa laini ya kumalizia ukuta, nasi tukalihamishia kwenye simiti. Ikichanganywa na unga mwekundu wa oksaidi hupata ile rangi ya sakafu za zamani ambazo mama zetu walizing'arisha kwa nta. Bafu langu lina niru hadi usawa wa bega, na vigae nimeviweka pale tu maji yanapopiga moja kwa moja. Fedha niliyookoa ndiyo iliyonunua tangi la maji ya mvua.

Ukuta mwingine hauhitaji simiti kabisa. Nyuma ya nyumba yangu anaishi bibi mmoja, Mtugen aliyetoka Baringo, ambaye sote pale tunamwita Kogo. Nyumba yake ya mawe ilijengwa na wanawe, ila jiko lake la nje ni la fito na udongo, na kila Desemba kabla wajukuu hawajafika huisiriba upya. Mwaka huu nilimwomba anifundishe. Udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchagua na kuuchekecha. Samadi mbichi ya ng'ombe. Majivu ya jikoni, konzi kwa konzi. Alikanda kwa miguu hadi mchanganyiko ukaacha kunata kwenye kisigino. Kisha akapaka kwa kiganja, kwa mikato ya nusu duara inayopishana kama magamba ya samaki, kutoka chini kwenda juu. Nilimuuliza samadi ni ya nini. Akachukua konzi, akaivunja mbele yangu na kunionyesha nyuzi za majani ambazo ng'ombe hakuzimaliza.

"Hizi ndizo zinashika, mwanangu. Udongo peke yake unapasuka."

Ni kanuni ileile ya nondo ndani ya zege. Wamaasai hupaka nyumba zao kwa samadi vivyo hivyo, na huko nako ni mikono ya wanawake. Ukuta wa Kogo hautoi chumvi, haubanduki, na ukichakaa unatengenezwa kwa siku moja bila kununua kitu. Unahitaji tu mtu wa kuutengeneza kila mwaka.

Je, wajua kwamba watoto wengi wa Bonde la Ufa walijifunza kusoma ukutani?

Katika nyumba za mbao za Elburgon na Molo, upepo wa Mau ulizibwa kwa magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Mtu alilala akisoma habari za miaka mitatu iliyopita, nyingine zikiwa zimebandikwa kichwa chini. Katika nyumba za mabati za kupanga mjini, shuka nyeupe zenye maua bado hutundikwa ukuta mzima. Karatasi na nguo hizo huacha nafasi ya hewa kati ya mtu na bati baridi, na matone ya alfajiri hayamdondokei usoni.

Ulaya ya karne ya 19 nayo ilipenda karatasi za ukutani, hasa za kijani. Kijani hicho kilikuwa na aseniki, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 mwanasayansi Mwitalia Bartolomeo Gosio alionyesha kwamba kuvu kwenye ukuta wenye unyevu huweza kuigeuza kuwa hewa ya sumu. Leo sumu ya kuulizia dukani ni risasi, ile metali, iliyowekwa katika baadhi ya rangi za mafuta ili zing'ae na kukauka haraka. Hudhuru ubongo wa mtoto anayetafuna vipande vilivyobanduka. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kisichozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni. Tafuta maandishi hayo kwenye mkebe. Kama hayapo, acha mkebe.

Je, wajua kwamba rangi isiyong'aa huenda ina mifupa ya ziwa ndani yake?

Ukitoka Gilgil kuja Nakuru, karibu na Elmenteita, kuna mwamba mweupe unaoumiza macho. Ni Kariandusi, ambako Louis Leakey na wenzake walikuta mashoka ya mawe mwaka 1928. Mwamba wenyewe ni diatomaiti, magamba ya mimea midogo sana ya majini iliyozama kwenye sakafu ya ziwa la kale, yapata miaka milioni moja iliyopita. Nilishika kipande. Kilikuwa chepesi hata nikadhani ni mkate mkavu, na nilipokigusisha kwenye ulimi kilinata, kwa sababu kila gamba ni kichujio chenye matundu yanayonyonya maji.

Viwanda vya rangi husaga mwamba wa namna hii na kuutia kwenye rangi ili ukuta using'ae. Magamba hutokeza juu ya uso wa rangi na kutawanya mwanga kila upande. Wajapani huenda mbali zaidi na kupaka plasta ya diatomaiti vyumbani, ukuta unyonye unyevu wa usiku na kuuachilia mchana. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sisi, wenye machimbo hayo kandokando ya barabara kuu, hatujaanza kupaka vyumba vyetu vya kulala vivyo hivyo. Mafundi tunao, mwamba tunao, na usiku wa baridi unaoleta kuvu tunao.

Na ukichagua rangi ya nje, kumbuka tuko chini ya nusu digrii tu kusini mwa ikweta, kwenye mita 1,850 hivi. Miale mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukuta wa kaskazini hupata jua kuanzia Machi hadi Septemba na wa kusini miezi mingine, lakini jua la mchana likiwa juu sana huuparuza tu. Mashariki na magharibi ndiko linakopiga usoni. Nyekundu na manjano zenye kung'aa sana hupauka huko kwanza. Zinazodumu ni za udongo: nyekundu ya kutu, kahawia, manjano ya ngano. Rangi ya udongo mwekundu ni chuma kilichokwisha kushika kutu, na jua halina kitu kilichobaki cha kukinyang'anya. Kule Olorgesailie, kusini mwa bonde hilihili, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata vipande vya rangi nyekundu vilivyotoboliwa na kukwanguliwa na watu yapata miaka 300,000 iliyopita. Bado ni vyekundu.

Je, wajua mti ambao Mkikuyu, Mkalenjin na Mmaasai hawahitaji mkalimani kuutaja?

Mũtarakwa, tarakwet, oltarakwai. Kwa Kiswahili mtarakwa. Ni mwerezi wa milima yetu, ambao mchwa huuonja na kuondoka. Wakoloni waliupeleka ng'ambo kutengenezea penseli, kwa kuwa hukatika vizuri bila kupasuka. Kasri la Lord Egerton kule Njoro, lenye vyumba 52, lililojengwa tangu 1938 hadi 1954, lina ukumbi uliovikwa mbao kuta zake, na ukiingia leo mbao bado zinapokea mkono vizuri. Mtarakwa hai ni wa kulindwa, na sitamshauri mtu aukate kwa ajili ya sebule. Lakini nguzo kuukuu za ua huuzwa. Nilinunua zilizong'olewa katika shamba moja la Njoro baada ya miongo kadhaa ardhini. Nje zilikuwa za kijivu kama mifupa. Randa ilipopita mara mbili, ndani zikatoka nyekundu na kunukia, na sasa zinafunika ukuta mmoja wa sebule, pale ambapo watu huegemeza viti.

Jambo la mwisho ni la ardhi yenyewe. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya, na kuacha ufa ardhini wenye urefu wa makumi ya kilomita. Machi 2018 mvua ilifukua ufa mwingine uliojaa majivu karibu na Mai Mahiu na kukata barabara ya Narok. Hatuishi juu ya ardhi iliyolala. Kwa hiyo kabla ya plasta, pale jiwe linapokutana na nguzo ya zege, tandika waya wa kuku upite pande zote mbili. Na ufa ukitokea, usikimbilie kuuziba. Nyufa nyembamba kama unywele ni plasta iliyokauka haraka. Ufa unaofuata maungio ya mawe kwa ngazi unatoka msingini mwa nyumba, na lazima ujulikane kama bado unatembea.

Nyuma ya mlango wa chumba changu cha kulala kuna ufa kama huo. Fundi alinipa penseli, nikapiga mstari mfupi mwisho wa ufa na kuandika tarehe. Pale sijapaka rangi. Mvua ndefu zimepita, fupi zimepita, na ufa haujavuka mstari.